Shule zinapofungwa Agosti: Ripoti, safari na usalama wa mtoto wakati wa likizo

KENGELE ya mwisho ya muhula wa pili hulia mwishoni mwa Julai au mapema Agosti, na kwa muda wa saa chache barabara za Kenya hujaa watoto waliobeba mabegi, masanduku ya bati na magodoro yaliyokunjwa. Nyumbani, mzazi aliyezoea kumwona mwanawe alfajiri na magharibi pekee hujikuta ghafla na mtu wa kukaa naye mchana kutwa, anayekula mara tatu na kuuliza maswali mara mia, kwa takriban majuma matatu.

Likizo hii ni tofauti na ile ya Desemba, na tofauti hiyo ndiyo chanzo cha mambo mengi ambayo familia za wanafunzi wa shule za msingi huyasahau. Mwaka 2025, kwa mfano, muhula wa kwanza ulianza Januari 6 hadi Aprili 4, wa pili Aprili 28 hadi Agosti 1, na wa tatu Agosti 25 hadi Oktoba 24. Kwa hesabu hiyo, likizo za Aprili na Agosti zilikuwa za majuma matatu matatu, nayo ile ya mwisho wa mwaka ikapita miezi miwili.

Katika Uingereza na Marekani, shule hufungwa kwa muda mrefu katikati ya mwaka kwa sababu hayo ndiyo majira yao ya joto, na mtoto anaporejea darasani huwa amepanda darasa jipya. Kenya imekatwa na ikweta na mwaka wake wa masomo huanza Januari. Agosti kwetu si kiangazi. Kwa watu wa Nairobi, Limuru, Nyeri na Nyandarua ni miongoni mwa miezi ya baridi kali zaidi, ilhali Kakamega na Kitale mvua huwa ingali inanyesha. Mtoto anayefunga shule Agosti atarudi kwa mwalimu yule yule na darasa lile lile, kuukabili muhula mfupi kuliko yote. Muhula wa tatu wa 2025 ulikuwa wa majuma tisa tu, na humo humo ndimo tathmini za kitaifa huandaliwa. Kwa hivyo mapumziko haya ni kama kituo cha kunywa maji njiani. Safari haijafika mwisho.

Tarehe zenyewe hazina budi kuthibitishwa kila mara. Wazazi waliokuwa na watoto shuleni mwaka 2020 hawajasahau jinsi shule zote zilivyofungwa katikati ya Machi kutokana na maradhi ya Covid-19, wanafunzi wa Gredi ya 4 na Darasa la 8 wakaitwa Oktoba, na wengine wote wa shule za msingi wakakaa nyumbani hadi Januari 4, 2021. Baada ya hapo mihula ilibanwa, likizo zikafupishwa, na kalenda ikarejea katika utaratibu wake wa kuanza Januari mwaka 2023. Mwaka 2024 mafuriko yaliusogeza mbele muhula wa pili. Shule zilizokuwa zifunguliwe Aprili 29 zilifunguliwa Mei 13. Yapo matangazo ya uongo yanayosambazwa kwa simu kila msimu wa kufunga na kufungua shule. Barua ya mwalimu mkuu na taarifa ya Wizara ya Elimu ndizo za kutegemewa.

Ripoti isiyo na nambari

Karatasi ambayo mtoto huleta siku ya kufunga imebadilika mno kuliko wazazi wenyewe walivyozoea. Waliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, waliletewa ripoti yenye alama za kila somo, jumla yake, na ile nafasi iliyoamua kama mtu angekula chapati jioni hiyo au angekula maneno: wa tatu kati ya hamsini, wa arobaini na mbili kati ya hamsini. Mtihani wa KCPE, ambao katika miaka yake ya mwisho ulihesabiwa kwa alama 500, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023.

Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 umeondoa nambari hizo. Shule ya msingi sasa ni ya miaka sita, kisha mwanafunzi huingia sekondari ya msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ambayo tangu 2023 imekuwa katika viwanja vya shule za msingi. Mwalimu huandika kama mtoto amezidisha matarajio, amefikisha matarajio, anakaribia matarajio, au yu mbali na matarajio. Wazazi wengi huitazama ripoti hiyo, wakaigeuza upande wa pili kuitafuta nafasi, wasiione, wakaiweka chini ya mkeka.

Hilo ni kosa, kwa kuwa ripoti ya sasa husema mengi zaidi ikisomwa taratibu. Nafasi ya tano haikumwambia mzazi kwamba mtoto anaweza kuzidisha lakini hawezi kugawanya, au kwamba anasoma Kiswahili kwa ufasaha lakini hawezi kuandika sentensi iliyokamilika. Maelezo ya mwalimu kuhusu kila eneo la somo hueleza hayo. Palipoandikwa kwamba mtoto anakaribia matarajio katika kusoma, majuma matatu ya Agosti yanatosha kumsikiliza akisoma kwa sauti ukurasa mmoja kila jioni. Haihitaji mwalimu wa kulipwa. Hata nyanya asiyejua kusoma anaweza kumsikiliza mjukuu wake na kumwuliza hadithi ile ilihusu nini.

Mzazi asiyeielewa ripoti ana haki ya kumwuliza mwalimu wa darasa, na siku bora ni ile ya kufunga shule, kabla walimu nao hawajatawanyika kwenda makwao. Swali lenye faida halihusu nani aliyekuwa wa kwanza. Ni lile linalouliza ni jambo gani moja ambalo mtoto huyu hajalimudu, na nyumbani afanyiweje.

Kuna pia suala la kazi za mikono na miradi ambayo wanafunzi hupewa waifanye likizoni. Malalamiko ya wazazi juu ya gharama za karatasi za manila, rangi, gundi na picha za kuchapishwa yamesikika tangu mtaala huu uanze, na mengi yana msingi. Hata hivyo, mtaala wenyewe unasisitiza matumizi ya vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya mtoto. Makuti, udongo wa mfinyanzi, magunzi ya mahindi, vifuniko vya chupa na maboksi yaliyotupwa hufaa kazi nyingi. Penye shaka, mwalimu aulizwe kabla ya mzazi kukimbilia dukani.

Malipo na masomo ya ziada

Tangu Januari 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 mwaka uliotangulia hadi zaidi ya milioni 7. Mgao wa serikali kwa kila mwanafunzi ulianza kwa Sh1,020 kwa mwaka, baadaye ukaongezwa hadi Sh1,420. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Michango mingine inaweza kuitishwa iwapo tu imeidhinishwa na Waziri wa Elimu kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hakuna mtoto anayepaswa kufungiwa nje kwa kushindwa kuilipa. Mzazi anayeletewa barua ya kufunga shule yenye orodha ya malipo ya muhula ujao ana kila sababu ya kuuliza ni yapi yaliyoidhinishwa, na kudai risiti kwa kila shilingi.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 37, imepiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Anayeikiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000 au kufungwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Wala mtoto hawezi kufukuzwa shuleni kwa kuwa hakuhudhuria masomo hayo. Marufuku ya namna hii yalikuwa yametolewa na mawaziri wa elimu kabla ya hapo, kila mara yakifuatwa kwa muhula mmoja miwili kisha yakasahaulika.

Ukweli ni kwamba masomo hayo hayaendeshwi na walimu peke yao. Katika mitaa mingi, wazazi wenyewe ndio huyaomba: wengine kwa hofu kwamba mtoto wa jirani atampita wao, wengine kwa sababu wanatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na hawana wa kumwachia mtoto. Sababu hii ya pili ni nzito na haiwezi kupuuzwa na yeyote anayejua maisha ya mfanyakazi wa Mukuru au Changamwe. Lakini darasa la siri katika nyumba ya mtu, lisilo na choo cha kutosha wala mtu wa kuwajibika, si mahali salama pa kumweka mtoto wa miaka tisa. Afadhali majirani watatu au wanne wakubaliane kupokezana, kila mmoja akikaa na watoto siku yake ya mapumziko, au kumlipa kwa pamoja mtu mzima mmoja anayefahamika. Mwambao wa Pwani na sehemu za Kaskazini Mashariki, madrasa na duksi hubeba sehemu kubwa ya mzigo huu, na hapo napo mzazi anapaswa kujua ni saa ngapi mtoto anaingia, saa ngapi anatoka, na nani anayembakisha nyuma wengine wanapoondoka.

Sahani iliyobaki shuleni

Jambo moja hutajwa kwa nadra katika barua za kufunga shule. Kwa maelfu ya watoto, likizo ni majuma matatu bila mlo wa uhakika.

Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa chakula wanafunzi wa Kenya mwaka 1980, hasa katika maeneo kame. Serikali ilianzisha mpango wake wa kununua chakula humu humu nchini mwaka 2009, na kufikia 2018 ilikuwa imekabidhiwa jukumu lote. Katika kaunti kama Turkana, Wajir na Samburu, sahani ya githeri au ya mchele na maharagwe inayotolewa saa sita mchana ndiyo inayowavuta watoto wengi darasani. Nairobi nayo ilianzisha mpango wa Dishi na County mwaka 2023, ambapo mzazi huchangia Sh5 kwa kila mlo. Siku shule inapofungwa, jiko la shule huzimwa.

Mzazi anayepata kipato cha siku kwa siku anajua kwamba fedha zile zile zilizotosha chakula cha jioni sasa zinatakiwa zitoshe na cha mchana. Hakuna njia rahisi hapa, ila kujipanga mapema husaidia. Debe la mahindi na kilo chache za maharagwe zikinunuliwa Julai kidogo kidogo, kabla ya kufunga, hupunguza makali. Aidha, makanisa, misikiti na vikundi vya akina mama vinavyotaka kufanya wema vingefanya vyema kuukumbuka mwezi huu wa Agosti, kwa maana misaada mingi huja Desemba. Mtoto mwenye njaa mchana haketi nyumbani. Huenda sokoni, jaani au kwenye steji ya matatu, na huko hukutana na watu wenye mandazi mkononi na nia nyingine moyoni.

Njiani kwenda ushago

Familia nyingi za mijini hutumia likizo kuwapeleka watoto kwa babu na nyanya. Ni desturi njema. Mtoto aliyezaliwa Umoja au Bamburi hujifunza lugha ya nyumbani, huona ng'ombe akikamuliwa, na hujua kwamba ugali hautoki dukani ndani ya mfuko. Hatari imo njiani.

Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, enzi za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilileta mishipi katika viti vya matatu na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Mzazi asione haya kudai mshipi wa mwanawe ufungwe. Kumpakata mtoto wa miaka saba ili kuokoa nauli ni jambo la kawaida, lakini gari likisimama ghafla mikono ya mtu haiwezi kumzuia. Gari lililojaa kupita kiasi liachwe liende. Safari za usiku ziepukwe kila inapowezekana, hasa wikendi ya kwanza baada ya kufunga na ya mwisho kabla ya kufungua, nauli zinapopanda na madereva wanapokimbizana na idadi ya safari.

Kuna pia mazoea ya kumkabidhi utingo mtoto ili amteremshe Kakamega, Kisii au Voi. Pengine hapana budi. Basi na iwe kampuni inayojulikana, yenye ofisi mwanzo na mwisho wa safari. Nambari ya gari na ya simu ya dereva ziandikwe. Anayempokea mtoto awe amefika kituoni kabla ya basi. Na mtoto mwenyewe awe amekariri jina kamili la mzazi wake na nambari ya simu, si kuitegemea karatasi iliyo mfukoni. Kwa wanaosafiri kwa reli kati ya Nairobi na Mombasa, treni iliyoanza kubeba abiria katikati ya 2017 huwatoza watoto wa miaka 3 hadi 11 nusu ya nauli, ila tiketi za Agosti huisha haraka. Bodaboda nayo kisheria hubeba abiria mmoja. Wale watoto watatu wanaoonekana wamebanwa kati ya dereva na mama yao hawapaswi kuwa pale.

Watoto wa Nairobi na nyanda za juu wanaokwenda Siaya, Homa Bay, Busia au Kwale hawana kinga ya malaria kama wenyeji wao. Wapelekewe neti iliyotiwa dawa iwapo huko hazitoshi. Homa inayoanza juma moja au mawili baada ya kurejea mjini isidhaniwe kuwa ni mafua. Daktari aelezwe mtoto alikuwa wapi, na damu ipimwe siku hiyo hiyo.

Jando, na lile lisilo jando

Katika miaka inayogawika kwa mbili, Agosti ni mwezi wa tohara kwa Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia. Wavulana huzunguka kwa jamaa zao wakigonga njuga za chuma, kisha alfajiri ya siku yenyewe hupelekwa mtoni na kupakwa tope. Jamii nyingine, wakiwemo Wakikuyu, Wameru na Wakalenjin, zimezoea kungoja likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, na kwa miongo mingi kumaliza Darasa la 8 ndiko kulikuwa alama ya kwamba mvulana yuko tayari. Alama hiyo imeondoka pamoja na KCPE, na wazazi wengi bado wanajadiliana kama wakati ni baada ya Gredi ya 6 au ya 9. Lolote waamualo, kisu kimoja kisitumiwe kwa watoto wawili, na kidonda kisichokauka kipelekwe hospitali bila kungoja idhini ya mlezi wa jandoni. Majuma matatu ya Agosti ni machache kwa kidonda cha kutibiwa nyumbani. Mvulana anayefanyiwa tohara likizo inapokaribia kwisha hurudi shuleni akichechemea.

Ukeketaji wa wasichana ni jambo jingine kabisa, na uitwe kwa jina lake: ni uhalifu. Sheria iliyopitishwa mwaka 2011 inatoa kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua Sh200,000, na kifungo cha maisha iwapo msichana atafariki. Inamhusu ngariba, mzazi aliyemwita, mtu aliyetoa nyumba yake, aliyemvusha msichana mpaka kwenda nchi jirani, na hata aliyejua asiseme. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 uliwapata wanawake waliokeketwa wakiwa asilimia 15 ya walio kati ya miaka 15 na 49, ikilinganishwa na asilimia 21 mwaka 2014 na asilimia 38 mwaka 1998. Hata hivyo wastani wa nchi huficha mengi, kwa kuwa Kaskazini Mashariki na miongoni mwa Wakuria na Wasamburu kiwango kingali juu sana.

Wanaoendeleza desturi hii hupenda likizo, kwa maana hakuna mwalimu wa kuuliza mbona msichana hayupo. Ile safari ya ghafla kwa shangazi, mavazi mapya yasiyo na sababu, na mbuzi aliyefungwa uani ni dalili ambazo majirani wa Kuria na Narok wanazifahamu fika. Ipo njia nyingine. Mwaka 1996, familia za Gatunga huko Tharaka zilianzisha sherehe iitwayo Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno, ambapo wasichana hukaa pamoja na kufundishwa wajibu wa utu uzima, kisha husherehekewa bila kukatwa. Utaratibu huo umeigwa kwingi tangu hapo, mara nyingi katika likizo za Agosti na Desemba.

Pwani, hasa Kilifi, kuna janga la disko matanga, ngoma za usiku kwenye vilio ambazo watoto wa shule huvutwa nazo. Serikali imezipiga marufuku mara kwa mara, nazo hurudi. Utafiti huo wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Wa shule za msingi ni wadogo kuliko hao, ndiyo sababu ulinzi unapaswa kuanza mapema. Msichana anayepata mimba ana haki ya kurudi darasani baada ya kujifungua, na mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unalisema hilo waziwazi. Mtoto yeyote aliye hatarini, au mtu mzima mwenye shaka, anaweza kupiga simu 116 bila malipo saa yoyote.

Nyumbani penyewe

Baridi ya Agosti huwafanya watu kulala na jiko la makaa ndani. Moshi wake hatari hauna rangi wala harufu. Hewa ya kaboni monoksaidi huua familia nzima usingizini. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana kuwa majivu.

Maji ndiyo adui wa pili. Machimbo ya mawe yaliyoachwa pembezoni mwa Nairobi hujaa maji na kugeuka vidimbwi virefu visivyo na ukingo. Mabwawa ya mashambani ni ya tope, na anayeteleza hapati pa kushika. Baharini, upepo wa kusi huwa bado una nguvu mwezi huo na mawimbi ni makubwa. Mgeni kutoka bara asimwache mtoto aogelee peke yake ati kwa kuwa watoto wa Pwani wanaogelea. Na mtoto akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali kudungwa sindano siku hiyo hiyo, kwani kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakiponi.

Kazi za nyumbani hazimdhuru mtoto. Kuteka maji, kuosha vyombo, kuchunga mbuzi baada ya kiamshakinywa ni sehemu ya malezi. Kumwajiri aliye chini ya miaka 13 ni kuvunja sheria ya ajira ya 2007, na walio kati ya 13 na 16 wanaruhusiwa kazi nyepesi tu. Kupakia mchanga kwenye malori, kuvua samaki usiku au kukesha kwenye mashamba ya miraa si kazi nyepesi.

Kwa wenye nafasi kidogo, kuna mahali pengi pa kumpeleka mtoto bila kutumia fedha nyingi. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2011. Magofu ya Gedi yaliingizwa humo mwaka 2024, na Thimlich Ohinga ya Migori mwaka 2018. Karibu na Gilgil kuna Kariandusi, ambapo mtoto huona shoka za mawe zilizochongwa na watu wa kale kabla ya historia. Maktaba za umma zimo katika miji mingi, na Garissa ilianzisha maktaba ya ngamia mwaka 1996 ili vitabu vifike kwa wafugaji. Kitabu kimoja cha hadithi kilichoazimwa kitamfaa mtoto kuliko simu ya mzazi iliyoachwa mikononi mwake kutwa nzima.

Kabla ya kengele kulia tena

Juma la mwisho la likizo ndilo la kukagua sare. Mtoto wa miaka kumi anaweza kurefuka kiasi cha suruali kumpita kifundoni kati ya Aprili na Agosti, na fundi wa mtaani huwa na foleni ndefu siku mbili za mwisho. Viatu vijaribiwe, vifungo vishonwe, madaftari yahesabiwe.

Likizo pia ni wakati wa kushughulikia cheti cha kuzaliwa, ambacho shule huhitaji ili kumsajili mwanafunzi katika mfumo wa wizara na kwa tathmini ya kitaifa. Wazazi wengi hukumbuka walipoitwa na mwalimu mkuu Januari, foleni zikiwa zimefika barabarani. Maombi hufanywa kupitia eCitizen au kwa kwenda kwenye ofisi za usajili na vituo vya Huduma, na Agosti huwa hakuna msongamano kama mwanzoni mwa mwaka. Majina yaandikwe kwa tahajia ile ile iliyo kwenye daftari la shule, kwani herufi moja ikitofautiana huleta usumbufu unaoweza kumfuata mtoto hadi Gredi ya 9.

Walio ushago warejee angalau siku mbili kabla ya kufungua. Mtoto aliyefika mjini saa sita usiku wa Jumapili, macho mekundu na miguu imevimba kwa kukaa garini, atasinzia darasani Jumatatu nzima, na katika muhula wa majuma tisa hiyo ni siku ya kuhesabika.